Flashi ya Bure

Mara ya nne Alphonsine alipokuja studio, Kamate alimwona kabla hajavuka barabara, akatamani kungekuwa na mlango wa nyuma. Haukuwepo. Studio yake ya Nyakasanza, mtaa wa mji wa Bunia, ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mmoja, na nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha giza kisicho na hata tundu la panya. Basi akashika kitambaa, akajifanya anafuta lenzi aliyokwisha kuifuta mara mbili asubuhi ile.

Alphonsine alisalimia kwa adabu, kama kawaida yake. Laiti angetukana! Mtu akikutukana unapata pa kuanzia, unajibu, mnagombana, mambo yanaisha. Huyu alikaa kwenye benchi ambalo wateja hukalia kuchana nywele, akakung'uta vumbi la miguu, maana alikuwa ametembea kutoka kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege, akauliza picha yao imefika wapi.

Kamate akamwambia filamu bado iko Kampala na barabara anazijua mwenyewe zilivyo. Hilo alikuwa amelisema mara ya kwanza. Mara ya pili alisema dawa za kusafishia picha zimekwisha, mara ya tatu akausingizia umeme. Sasa alikuwa amerudia kisingizio cha Kampala, na aliona aibu kwa uvivu wa uongo wake mwenyewe. Alphonsine alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Samedi bandugu ya bwana yangu Fiacre banakuya kutosha matanga," akasema. "Mwili hatukuuona. Nguo yake haiko, karti yake haiko, vyote vilibaki mu moto. Iko tu ile foto. Nitaitia pa meza, mama yake aione."

"Kuya samedi asubui," Kamate akajibu. "Utaipata."

Alipoondoka, Kamate alitamani kujing'ata ulimi. Ilikuwa Alhamisi; matanga yangeondolewa Jumamosi, kesho kutwa. Picha ya Fiacre haikuwa Kampala, haikuwa Bunia, haikuwa popote duniani. Haikuwahi kupigwa.

Kamate Isidore alikuwa mtu wa Butembo, aliyehamia Bunia miaka zaidi ya kumi kabla ya hapo, akifuatana na mashine ya kukuzia picha iliyopakiwa juu ya magunia ya vitunguu. Aliishi kwa nyuso za watu: picha za karti za kitambulisho, ubatizo, ndoa, maiti pia akiitwa. Lakini nyuso hazikumpa raha hata kidogo. Watu hufumba macho, hugeuka, hukasirika wakijiona walivyo, kisha lawama humwangukia mpigaji. Alichokipenda ni vilima. Kilima hakifumbi macho wala hakirudi kesho kulalamika kwamba umekifanya mweusi kupita kiasi.

Kwa hiyo Jumapili, misa ya kwanza ikiisha, alikuwa akifunga kamera yake ndani ya kitenge cha zamani cha mke wake, anaitia katika kikapu cha baiskeli na kwenda zake. Alipiga picha za mabonde nyuma ya mtaa wa Mudzipela, za mikaratusi juu ya vilele, za mvua ikija kutoka upande wa msitu. Filamu alitumia nyeusi na nyeupe ili azisafishe mwenyewe. Annie, mke wake, mwanamke mwenye maneno machache na makali, aliuliza mara moja tu: huo mlima ulikuja lini kuagiza picha? Hakungoja jibu, akaendelea kuchambua maharagwe.

Basi, kama ingekuwa ni Annie peke yake, Kamate angevumilia. Taabu ilikuwa watu wa njiani. Mtu wa kwetu akikuona umeelekeza kamera mahali pasipo na mtu, anakuhurumia. Anadhani umekosa mtu wa kumpiga. Basi anakuja kukusaidia: anasimama katikati ya kilima chako, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu, anangoja. Ukimwomba asogee, anasogea hatua mbili na kumwita mke wake waje wote. Mara wamekuwa kumi na wanne, na jua uliloliwahi kwa baiskeli saa mbili nzima limejificha nyuma ya wingu. Kamate alikasirika Jumapili baada ya Jumapili mpaka akagundua dawa.

Flashi yake ilikuwa na kitufe kidogo chekundu mgongoni, cha kujaribia kama betri zina nguvu. Ukikibonyeza, mwanga unawaka, ila kamera haina habari, na filamu inabaki ilivyokuwa. Alianza kwa mlevi mmoja wa Mudzipela aliyekataa kutoka barabarani. Mwanga ukawaka, mlevi akashukuru, akaenda zake. Kamate alicheka njia nzima. Tangu siku hiyo aliyemsumbua akapewa flashi ya bure. Wachache waliokuja kudai picha zao aliwaambia zimeungua, nao waliamini, maana nani anajua mambo yanayotendeka ndani ya chumba cha giza?

Kulikuwa na picha moja aliyoitaka kuliko zote: ziwa lionekane kutoka juu ya mteremko, mbele kidogo ya kijiji cha Bogoro, pamoja na milima ya Uganda ng'ambo yake. Aliwahi kuiona hali hiyo kwa macho, kwa muda wa dakika kama tano, siku ambayo hakuwa na kamera. Baada ya hapo alirudi mara nane. Mara ya kwanza moshi wa majani yanayochomwa, mara ya pili mvua, mara ya tatu tairi. Vita vilipoanza, vizuizi vya askari navyo vikaongezeka. Askari mmoja alimfungulia kamera na kuivuta filamu nzima nje juani, akitafuta ndani yake ramani ya adui. Kamate alisimama akitazama picha thelathini na sita zikifa mchana kweupe, na ilimbidi aseme asante.

Mara ya tisa ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 2002. Njia ilikuwa imetulia kwa siku chache, wauza samaki walikuwa wanapita, naye akapita nao. Filamu ilikuwa imebakiwa na nafasi tatu tu. Alipokaribia Bogoro mvua ikamshika, akajibanza chini ya paa la nyumba moja kando ya barabara. Hiyo ndiyo nyumba ya Fiacre na Alphonsine.

Walimkaribisha ndani. Walimpa ugali na samaki wa ziwani, wakamwekea baiskeli mahali pakavu, wakamwuliza habari za Bunia. Mvua ilipokatika, Kamate alichungulia nje, na moyo ukamruka: upande wa ziwa mbingu ilikuwa inafunguka. Akasimama ili aage. Hapo ndipo Fiacre alipoomba, kwa haya kidogo, kama angeweza kuwapiga picha, kwa kuwa hawajawahi kuwa nayo wakiwa pamoja na watoto.

Ungemkatalia vipi mtu ambaye samaki wake bado anakunukia vidoleni? Kamate akakubali. Fiacre akaingia ndani kubadili nguo, na huko akakaa. Alphonsine akawapaka watoto mafuta, mmoja baada ya mwingine, watatu. Koti likaonekana lina tope, likasuguliwa. Redio ikasahauliwa, ikafuatwa. Wakati wote huo Kamate alikuwa anazungukazunguka uani, akiangalia anga juu ya paa, akiona mwanga wake aliousubiri miaka mitatu ukija na kuanza kuondoka. Angeweza kulia kwa hasira.

Hatimaye wakajipanga mbele ya nyumba. Kamate, kwa vile alijua hatapiga kitu, akafanya maonyesho makubwa ya kupiga kuliko siku zote. Alimwambia baba ainue kidevu. Alimwambia mama asogee karibu, mtoto mdogo aache kunyonya kidole, redio ishikwe juu kidogo ionekane. Wote walitii, wakaacha hata kupumua. Akabonyeza kitufe chekundu. Mwanga ukawaka, watoto wakapiga makofi.

Fiacre alishukuru mpaka akaamua kumsindikiza, akimsukumia baiskeli hadi ukingoni mwa mteremko, mwendo wa nusu saa. Walipofika, ukungu ulikuwa umepanda kutoka chini na kufunika kila kitu. Hapakuwa na ziwa wala Uganda. Fiacre alisimama nyuma yake ameshika baiskeli, akisema wangoje, utafunguka. Wakangoja. Haukufunguka. Kamate, kwa hasira tu, akazimaliza nafasi zote tatu juu ya ukungu ule, ta, ta, ta, kisha akarudi Bunia bila kusema neno.

Njiani dhamira ilimsuta, na hili lazima lisemwe kwa haki yake. Aliapa kurudi Jumapili inayofuata na filamu mpya awapige kweli. Alitenga hata filamu yenyewe. Lakini Jumapili ile kulikuwa na ndoa, iliyofuata kulikuwa na kizuizi, na mwezi wa nane risasi zikaanza ndani ya Bunia kwenyewe. Alphonsine alimtumia salamu kupitia mwanamke muuza samaki, akiulizia picha. Alijibu iko njiani. Mwezi wa pili mwaka uliofuata Bogoro ikavamiwa alfajiri. Alphonsine alitoka na watoto hadi vichakani. Fiacre alirudi kuwafungua ng'ombe kamba, na hakuonekana tena.

Sasa ilikuwa Alhamisi, mwezi wa saba mwaka 2003, na Kamate alikuwa na siku moja na nusu.

Alishusha bati la biskuti ambamo alihifadhi filamu zake zote. Mwezi wa tano, mapigano yalipoingia mtaani na watu wakakimbia, kila mmoja alibeba godoro au sufuria. Yeye alibeba kamera na bati hilo, na Annie alilala juu ya majani wiki tatu akimkumbusha. Waporaji walichukua pazia lililochorwa bustani, la kuwekwa nyuma ya wateja, wakachukua viti na saa ya ukutani. Mashine ya kukuzia waliiacha, hawakujua ni kitu gani.

Aliziinua filamu moja moja mlangoni penye mwanga, kioo cha kukuzia jichoni, akizitafuta zote za upande wa Bogoro. Aliwaza hivi: nimepita pale mara tisa, haiwezekani yule bwana hakupita hata mara moja mbele ya lenzi yangu. Alitafuta mchana kutwa. Vilima, vilima, vilima. Barabara tupu. Uwanja mtupu. Kila mahali alipokuwa amengoja mpaka mtu wa mwisho atoke, alikuwa amefaulu. Kazi safi kabisa, angeweza kuitemea mate. Annie alipita na ndoo ya maji, akauliza anatafuta nini. Alipomwambia, aliitua ndoo, akamtazama, akaondoka bila hata lile neno lake moja kali, na hilo lilimuuma zaidi.

Ijumaa asubuhi aliipata moja. Ilikuwa picha ya mwaka 2000, aliyoikataa na kuitia alama ya msalaba kwa penseli nyekundu, kwa sababu mtu alikuwa ameingia upande wa kushoto akisukuma baiskeli. Urefu ule ule. Koti. Uso umegeuka kidogo, umefifia, lakini ni uso. Kamate hakujiuliza sana. Jirani mmoja alimwashia jenereta, naye akamimina dawa za mwisho alizokuwa nazo, akamkuza yule mtu mpaka akajaa karatasi nzima. Alitoka na chembe nyingi, kama aliyepigwa picha ndani ya mvua ya mawe. Kamate aliiweka mbali, akaiweka karibu. Alijiambia ni yeye. Alijiambia angesema ile ya familia iliharibika Kampala, hii ndiyo iliyopona. Kwa mara ya kwanza wiki ile alikula akashiba.

Jumamosi Alphonsine alifika mapema, amevaa kitenge alichoazimwa. Kamate alimpa picha ndani ya bahasha na kuanza hadithi ya Kampala. Hakuifikisha mbali. Alphonsine alikuwa ameitoa picha na kuisogeza mlangoni penye mwanga.

"Huyu haiko Fiacre," akasema polepole. "Huyu ni Adolphe, mutoto ya mama Brigitte. Alikuwa jirani yetu. Naye alibaki kule." Akaifuta picha kwa upande wa mkono, ingawa haikuwa na vumbi. "Mama yake tuko naye mu kambi. Hana foto yake hata moja. Nitamupelekea."

Akairudisha ndani ya bahasha, akaiweka kifuani, kisha akamgeukia. "Na yetu?"

Kamate alijisikia amechoka, amechoka kuliko siku ya kukimbia. Alikwenda kwenye rafu, akachukua flashi, akaigeuza ili aone mgongo wake, akabonyeza kitufe chekundu. Chumba kikajaa mwanga. Kamera ilikuwa mezani peke yake, mbali, na kifuniko chake juu ya lenzi. Kisha akamweleza yote, mpaka zile nafasi tatu alizomalizia juu ya ukungu. Aliongea huku akitazama sakafu, na maneno aliyodhani yangekuwa mengi yakawa machache.

Alphonsine hakupiga kelele. Aliiangalia flashi ile kwa muda, kama mtu anayejaribu kuelewa matumizi ya chombo kigeni.

"Lakini tulisimama muzuri," akasema. "Weye ulituambia tusimame hivi, na siye tukasimama."

Kamate akaomba msamaha, na sikio lake mwenyewe likasikia jinsi ombi hilo lilivyokuwa jepesi. Akasema angeweza kuja kambini awapige yeye na watoto, picha nyingi, za kweli. Alphonsine akatikisa kichwa kukataa. Kisha akajifunga kitenge vizuri.

"Utakuya na miye sasa hivi," akasema. "Siye wote tulikuwa tunaangalia mashini. Weye peke yako ndiye uliangalia Fiacre. Utasimama mbele ya mama yake, umuambie alikuwa vipi."

Alimfuata. Angefanya nini kingine? Alifunga studio, akatembea nyuma yake hadi Mudzipela, kwenye uwanja wa nyumba ya shemeji yake Alphonsine, ambapo nusu ya mabati yalikuwa yameporwa na watu walikuwa wamekaa juu ya matofali. Kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, mshumaa, na maua katika kopo la maziwa. Katikati ya kitambaa nafasi ilikuwa imeachwa. Mama yake Fiacre, Hélène, bibi mdogo wa umbo aliyenyolewa kichwa, alikuwa amekaa karibu na meza hiyo kuliko wote.

Sala ilipokwisha, Alphonsine akawaambia watu kwamba picha haiko, na kwamba huyu papa, mpiga picha, ndiye wa mwisho aliyemtazama Fiacre kwa makini, akiwa amevaa na kupendeza; atawaeleza. Hakusema zaidi. Hakumwaibisha, na Kamate, amesimama pale mikono imenyooka ubavuni, alitamani angemwaibisha.

Akaanza na koti. Lilikuwa la kahawia, mikono mifupi kidogo, na bega moja lilikuwa bado na unyevu pale aliposugua tope. Watu wakaitikia taratibu: ndilo, koti la kaka yake. Akaeleza redio, jinsi alivyoishika kifuani kwa mikono miwili, na waya wake mrefu wa antena aliouvuta mpaka mwisho. Mtu akacheka kidogo, akapangusa macho. Akaeleza miguu iliyooshwa, viatu visivyo na kamba, mtoto mdogo aliyemshika suruali. Sauti yake ikaanza kupata nguvu. Aliona kwamba anaweza, na kwamba pengine deni hili linalipika.

"Na uso wake?" Hélène akauliza. "Alikuwa anacheka, ao alifunga kinywa?"

Kamate akafumba macho amtafute. Aliona mbingu nyuma ya bega la Fiacre. Aliiona yote: jinsi ilivyofunguka kuanzia kushoto, kijivu kikigeuka cheupe, kisha mstari mmoja wa buluu juu ya paa, na matone yakidondoka kutoka kwenye majani ya paa hilo. Angeweza kuonyesha kwa kidole wingu lilipokuwa limefika. Alishuka mpaka kwenye kola ya koti, akapanda tena, na kati ya kola na mbingu hakukuwa na kitu. Alikuwa amemwambia yule mtu ainue kidevu, naye mwenyewe hakukitazama kidevu hicho.

Neno lilikuwa tayari ulimini. Angesema alikuwa anacheka, na hakuna hata mmoja pale ambaye angembishia. Wote walikuwa wanalingoja, Hélène amekwisha kuinama mbele kulipokea. Kwa kazi hiyo Kamate alikuwa fundi. Akamtazama Alphonsine. Alphonsine alikuwa anamtazama yeye, usoni, bila kupepesa.

"Sikumuangalia, mama," akasema. "Nilikuwa naangalia mbingu."

Hélène akanyoosha mkono, akausogeza mshumaa mpaka katikati ya kitambaa, pale palipoachwa wazi, akamwambia Kamate akae.